Kwa nini picha zisizo na waya hukatika ukumbi ukijaa

NI nadra siku hizi kuona harusi kubwa, mkutano wa injili au tamasha la muziki katika miji ya Afrika Mashariki bila skrini kubwa mbele ya ukumbi. Mgeni aliyeketi meza ya mwisho huitegemea skrini hiyo ili awaone maharusi wakikata keki, na ndugu aliyeko Muscat au London huzitegemea picha hizo hizo kupitia intaneti.

Picha hizo hutoka kwenye kamera kadhaa. Zamani kila kamera ilifungwa kebo ndefu iliyotandazwa sakafuni hadi kwenye meza ya mitambo. Sasa wapiga picha wengi hutembea huru, wakiwa na kisanduku kidogo chenye antena juu ya kamera. Kisanduku hicho, ambacho ni transmita, hurusha picha hewani. Kisanduku cha pili, ambacho ni risiva, huzipokea na kuzipeleka kwenye mikisa, ambako mwongozaji huchagua kamera itakayoonekana kwenye skrini.

Uhuru huo umerahisisha mambo mengi. Hakuna mgeni anayejikwaa kwenye waya, na mpiga picha anaweza kuwafuata maharusi kutoka mlangoni hadi jukwaani bila msaidizi wa kukokota kebo nyuma yake.

Hata hivyo, mafundi wa kazi hii wanaijua hali moja inayojirudia. Mchana, wakati wa majaribio, picha huwa safi kutoka kila kona ya ukumbi. Usiku, wageni mamia wakiwa wameketi, picha huanza kuganda, humeguka vipande vipande, kisha skrini huwa nyeusi. Vifaa ni vile vile, umbali ni ule ule na betri zimejaa.

Lawama ya kwanza huangukia kifaa, na ya pili humwangukia fundi. Lakini mara nyingi kifaa hakina kosa lolote. Kilichobadilika kati ya mchana na usiku ni hewa ya ukumbi: watu wameingia, na kila mmoja ameingia na simu yake.

Jambo hili si dogo. Keki haikatwi mara mbili, bao halifungwi upya kwa ajili ya kamera, na marehemu haagwi mara ya pili kwa sababu picha ilikatika. Kwa kampuni ndogo ya picha, skrini kuwa nyeusi kwa dakika mbili huweza kumaanisha salio lisilolipwa na jina lililoharibika mjini.

Mzigo unaobebwa na mawimbi

Ili kuelewa tatizo, ni vyema kuanza na ukubwa wa mzigo wenyewe. Picha ya HD yenye mistari 1,080 na fremu 50 kwa sekunde hupita kwenye kebo ya SDI ya studio kwa kasi ya gigabiti 2.97 kwa sekunde. Picha kama hiyo inapotazamwa kwenye simu kupitia intaneti huwa imebanwa hadi kufikia megabiti chache tu kwa sekunde. Yaani kilichobaki ni sehemu moja tu kati ya mamia ya mzigo wa awali.

Mawimbi ya redio hayawezi kubeba mzigo mzima kwa urahisi kama kebo. Kwa hiyo watengenezaji wa vifaa wamechukua njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuibana picha kabla ya kuirusha. Vifaa vya namna hii ni vya bei nafuu na hutumia sehemu ndogo ya masafa. Tatizo ni kwamba kubana na kufungua picha huchukua muda, hivyo picha huchelewa. Katika vifaa vingi vya bei ya chini ucheleweshaji huo hukaribia sehemu ya kumi ya sekunde.

Njia ya pili ni kuirusha picha ikiwa karibu na hali yake ya asili, kwa kutumia chaneli pana zaidi. Vifaa vya aina hii, kama vile Teradek Bolt ambavyo hutumika sana katika utengenezaji wa filamu, hutangazwa kuwa na ucheleweshaji usiofika milisekunde moja. Bei yake ni kubwa, na upana wa chaneli vinazotumia ni hitaji zito katika ukumbi wenye watumiaji wengi wa masafa.

Njia zote mbili zina sharti moja lisiloepukika. Picha za fremu 25 kwa sekunde zinataka fremu mpya kila baada ya milisekunde 40. Barua pepe inaweza kusubiri sekunde mbili bila mtu kutambua. Fremu iliyochelewa haina kazi tena, kwa kuwa nafasi yake kwenye skrini imeshapita.

Barabara ya wote

Vifaa vingi vya kurusha picha bila waya hutumia masafa ambayo katika nchi nyingi hayahitaji leseni ya mtumiaji mmoja mmoja. Haya ni masafa ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, ambayo ndiyo pia yanayotumiwa na Wi-Fi. Kwa lugha nyepesi, ni barabara ya wote.

Barabara ya gigahezi 2.4 ni nyembamba. Wi-Fi ikiitumia kwa chaneli za megahezi 20, ni chaneli 3 tu zinazoweza kufanya kazi bila kugusana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Humo humo hupita vipokea sauti vya Bluetooth, vidhibiti vya ndege ndogo za kamera, na mawimbi yanayovuja kutoka kwenye oveni za maikrowevu jikoni kwa mpishi wa sherehe.

Barabara ya gigahezi 5 ni pana zaidi, lakini si pana kama inavyodhaniwa. Sehemu yake ya juu, kati ya megahezi 5,725 na 5,850, ina upana wa megahezi 125. Ukiigawa kwa chaneli za megahezi 40 unapata chaneli 3 tu. Ukiongeza megahezi 100 za sehemu ya chini kabisa, unapata nyingine 2. Ukumbi wenye Wi-Fi yake, kamera nne zisizo na waya na ndege ndogo inayopiga picha kutoka juu umekwisha kuzijaza.

Wi-Fi ilibuniwa kwa adabu fulani. Kila kifaa husikiliza kwanza, na kikikuta mwenzake anazungumza hungoja zamu. Utaratibu huo unafaa kwa vifaa kumi. Vifaa vikiwa mia tano, zamu huwa ndefu, wengine huzungumza kwa pamoja, ujumbe hugongana na kulazimika kurudiwa. Simu huvumilia hali hiyo. Picha ya moja kwa moja haiwezi.

Mfano unaokumbukwa na wengi ni wa Juni 7, 2010, katika ukumbi wa Moscone mjini San Francisco, Marekani. Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Apple, alikuwa akiitambulisha simu ya iPhone 4 mbele ya maelfu ya watu. Kurasa za intaneti zilikataa kufunguka kwenye simu hiyo jukwaani. Baadaye aliueleza umati kwamba ndani ya ukumbi kulikuwa na vituo 570 vya Wi-Fi, vingi vikiwa vya kubebeka mikononi mwa wahudhuriaji, na akawaomba wavizime.

Fedha na utaalamu havikukosekana siku ile. Hewa ilikuwa imejaa, na hakuna kifaa cha jukwaani ambacho kingeweza kuipunguza. Tangu wakati huo hali imekuwa ngumu zaidi, kwa sababu leo karibu kila simu ya kisasa inaweza kugeuzwa kuwa kituo cha Wi-Fi kwa kugusa kitufe kimoja.

Miili ya wageni nayo ni ukuta

Sababu ya pili haihusu simu. Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na maji hufyonza mawimbi ya masafa haya. Urefu wa wimbi moja la gigahezi 2.4 ni sentimita 12.5. La gigahezi 5 lina takriban sentimita 6. Mawimbi mafupi kiasi hicho hayapiti kwa urahisi kwenye kifua cha mtu mzima, sembuse safu ishirini za watu waliosimama kucheza.

Mchana, ukumbi ukiwa mtupu, mawimbi husafiri juu ya viti na meza bila kizuizi. Usiku, risiva iliyowekwa juu ya meza inajikuta nyuma ya ukuta wa miili. Wageni wakiwa wameketi, picha huendelea. MC akiwaomba wasimame kuwapokea maharusi, ukuta hupanda ghafla hadi karibu mita mbili, na picha hukatika wakati ule ule inapohitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Ndiyo maana makanisa yaliyoanza kurusha ibada mtandaoni mwaka 2020, Kenya ilipofunga nyumba za ibada kwa sababu ya korona, yalianza katika mazingira rahisi. Kanisa tupu halina simu wala miili ya kuzuia mawimbi. Waumini wanaporejea, mpangilio uliofaa wakati ule hauna budi kupimwa upya.

Majengo nayo yana mchango wake. Chuma cha jukwaa, skrini za LED na mabati ya paa huakisi mawimbi, hivyo risiva hupokea nakala kadhaa za ujumbe mmoja kwa nyakati zilizopishana kidogo. Zege nene huyadhoofisha. Katika eneo kama Ngome Kongwe ya Zanzibar, ambako kwa miaka mingi lilifanyika tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004, kuta nene za mawe zinaweza kuyazuia kabisa iwapo risiva itawekwa upande wa pili wa ukuta.

Umbali una hesabu yake pia. Mahali palipo wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mawimbi inayofika hupungua hadi robo. Kwa sababu hiyo, tangazo la kifaa kwamba kinafika mita 300 husomwa kwa uangalifu. Kipimo hicho kwa kawaida ni cha uwanja ulio wazi, antena zikionana, bila Wi-Fi nyingine jirani. Ndani ya ukumbi uliojaa, mwenye busara hupanga kwa sehemu ndogo tu ya umbali huo.

Rada isiyoonekana

Kuna sababu ya tatu ambayo huwashangaza hata mafundi wazoefu. Sehemu ya katikati ya masafa ya gigahezi 5 inatumiwa pia na rada, zikiwamo baadhi ya rada za hali ya hewa. Rada ndizo zenye haki ya kwanza. Kanuni zinazotumika katika nchi nyingi zinakitaka kifaa kinachotumia chaneli hizo kisikilize kwanza kabla ya kurusha, kwa kawaida kwa sekunde 60, na kikihisi rada kihame ndani ya sekunde 10. Chaneli iliyohamwa haitumiki tena kwa nusu saa.

Kifaa kilichowekwa kwenye hali ya kujichagulia chaneli kinaweza kuangukia huko bila mpiga picha kujua. Kikihisi kitu kinachofanana na rada katikati ya kiapo cha ndoa, huhama chenyewe, na skrini hubaki nyeusi hadi kipate makao mapya. Si hitilafu, kinatii kanuni.

Hewa fupi, kebo ndefu

Baada ya kuyajua haya, suluhisho lake ni la kawaida kuliko wengi wanavyotarajia. Kanuni kuu ni kwamba safari ya picha hewani iwe fupi kadiri inavyowezekana, na sehemu iliyobaki ibebwe na kebo.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kuiweka risiva mezani karibu na mikisa, mwisho wa ukumbi, kwa kuwa ndiko mwongozaji anakoketi. Picha hulazimika kuruka juu ya umati wote. Ni bora risiva iwekwe karibu na jukwaa, mahali ambapo kamera itafanya kazi, kisha kebo itoke hapo hadi kwenye mikisa. Kebo nzuri ya SDI hubeba picha ya HD kwa umbali unaokaribia mita 100. Ya HDMI ya kawaida huanza kuleta matatizo baada ya mita 10 hadi 15, hivyo haifai kwa kazi hii bila kifaa cha kuigeuza. Kwa umbali mkubwa zaidi, kama wa viwanjani, hutumika kebo ya nyuzi za kioo.

Kanuni ya pili ni urefu kwenda juu. Risiva ikifungwa kwenye stendi ndefu au kwenye vyuma vya kuning'inizia taa, mita tatu au zaidi kutoka sakafuni, hupita juu ya vichwa hata watu wakisimama. Antena zake zielekee jukwaani, zisifichwe nyuma ya skrini ya LED, na zisiwe kando ya kituo cha Wi-Fi cha ukumbi. Upande wa kamera, transmita iwekwe juu kabisa, ili kichwa cha mpiga picha mwenyewe kisiwe kizuizi cha kwanza.

Risiva nyingi za kitaalamu zina antena kadhaa kwa makusudi. Mawimbi yakififia kwenye antena moja kwa sababu ya kuakisiwa, nyingine huwa bado inapokea. Kuzikunja zote pamoja ili zipendeze, au kuacha moja ikiwa imelegea, ni kuitupa faida iliyolipiwa.

Kanuni ya tatu ni kuwa na msimamizi mmoja wa masafa. Katika matukio makubwa ya kimataifa kazi hii ina ofisi yake na orodha yake. Katika harusi ya Dar es Salaam au Nairobi inatosha fundi mmoja mwenye karatasi, anayeandika nani anatumia chaneli ipi: kila kamera, Wi-Fi ya ukumbi, ndege ndogo ya kamera, na kompyuta za MC na DJ. Aongee na fundi wa ukumbi mapema, ili Wi-Fi ya wageni ihamishiwe chaneli nyingine au izimwe karibu na jukwaa. Kila kamera ichaguliwe chaneli yake kwa mkono, na kila moja iwe na chaneli ya akiba iliyoandikwa. Kikosi chenyewe kianze kwa kuzima vituo vya Wi-Fi kwenye simu zao.

Kanuni ya nne inahusu majaribio. Jaribio la ukumbi mtupu linathibitisha kuwa vifaa vinawaka, wala halithibitishi zaidi ya hapo. Fundi atembee na kamera njia yote itakayopitwa na maharusi au mhubiri, huku mwenzake akitazama kipimo cha nguvu ya mawimbi na kuandika mahali kinaposhuka. Wenzao wengine wasimame katikati ya antena ili kuonyesha athari ya miili. Wageni wakishaingia, hewa ipimwe tena kabla ya ratiba kuanza, kwa kuwa hapo ndipo picha halisi ya usiku huo inapoonekana.

Kuongeza nguvu ya transmita si tiba. Kila nchi ina kikomo cha nguvu inayoruhusiwa kwenye masafa haya. Isitoshe, anayepaza sauti katika chumba chenye kelele huwafanya wenzake nao wapaze, na mwishowe hakuna anayesikika.

Midomo na sauti

Picha inaweza kufika salama na bado ikaleta usumbufu. Mhubiri anaposimama mbele na midomo yake kwenye skrini ikichelewa nyuma ya sauti, waumini wa mbele huona kasoro hiyo mara moja.

Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde. Mtu aliye mita 34 kutoka kwenye spika huisikia sauti sehemu ya kumi ya sekunde baadaye, hivyo picha iliyochelewa kwa kiasi hicho humfikia ikilingana nayo. Aliye mstari wa mbele hana bahati hiyo.

Kwa sababu hiyo, vifaa vyenye ucheleweshaji mdogo vipewe kazi ya skrini ya ukumbini. Vile vinavyobana picha vinafaa zaidi kwa matangazo ya mtandaoni, ambako sauti inaweza kucheleweshwa kwa makusudi kwenye mikisa hadi ilingane na picha. Kuchanganya kamera ya kebo na kamera isiyo na waya bila kurekebisha tofauti hii huonekana wazi wakati wa ngoma: mkono wa mpigaji hugusa ngoma mara mbili kamera zinapobadilishana.

Kutoka ukumbini hadi duniani

Wengi huchanganya safari mbili ambazo ni tofauti. Ya kwanza ni kutoka kamera hadi mikisa. Ya pili ni kutoka mikisa hadi kwenye intaneti. Kila moja inaweza kukatika kwa sababu zake.

Safari ya pili inapotegemea mtandao wa simu, hukutana na umati ule ule. Mnara unaohudumia uwanja kama wa Benjamin Mkapa, wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 60,000, hushughulikia maelfu ya watu wanaotuma video kwa wakati mmoja. Kasi iliyopimwa uwanja ukiwa mtupu haina maana tena mpira ukianza.

Vituo vya televisheni hukabiliana na hali hiyo kwa vifaa vinavyounganisha laini kadhaa za simu za kampuni mbalimbali na kugawanya picha kati yake. Kampuni ya LiveU, iliyoanzishwa mwaka 2006, ni miongoni mwa zilizoieneza teknolojia hiyo. Mtandao mmoja ukielemewa, mingine huchukua mzigo. Hata hivyo, ikiwa ukumbi una intaneti ya kebo, hiyo ndiyo ipewe nafasi ya kwanza na laini za simu zibaki kuwa akiba.

Haki na ulinzi

Masafa yasiyohitaji leseni yana upande wa pili ambao haupaswi kusahauliwa: hayana ulinzi. Mtumiaji akiingiliwa na Wi-Fi ya jirani hana pa kulalamika, kwa kuwa jirani ana haki ile ile. Ndiyo maana watangazaji wa michezo mikubwa hulipia masafa yao maalumu. Katika mbio za baiskeli za Tour de France, kwa mfano, picha za kamera za pikipiki hupokewa na ndege angani kisha hurushwa chini kwenye mitambo, kwa masafa yaliyopangwa kwa kazi hiyo.

Vilevile, kutohitaji leseni si sawa na kutokuwa na sheria. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya husimamia matumizi ya masafa na uidhinishaji wa vifaa vya mawasiliano katika nchi zao. Kifaa kilichoagizwa kwa matumizi ya nchi nyingine kinaweza kuwa kimepangwa kwa chaneli au nguvu isiyoruhusiwa hapa. Kuuliza kabla ya kununua ni nafuu kuliko kunyang'anywa baadaye.

Maswali ya kuuliza mapema

Pamoja na maandalizi yote, hakuna anayeweza kuahidi kwamba picha ya hewani haitakatika kamwe. Tofauti ya kikosi kizuri na kibaya huonekana katika kile ambacho wageni wanakiona inapokatika.

Kikosi kizuri huwa na angalau kamera moja ya kebo, imesimama mahali inapoona jukwaa zima. Kamera ya hewani ikitetereka, mwongozaji huhamia kwenye hiyo kwa kubonyeza kitufe kimoja, na mgeni hudhani ni mabadiliko ya kawaida ya picha. Kamera ya kebo ndiyo hubeba matukio yasiyorudiwa: kiapo, pete, keki na hotuba ya mgeni rasmi. Kamera za hewani hupewa yale yanayopendeza lakini yanayoweza kusamehewa, kama vile kuwatembelea wageni mezani na kuwafuata wachezaji.

Jambo la pili halina gharama. Kila kamera irekodi pia kwenye kadi yake yenyewe kwa muda wote wa sherehe. Hewa ikishindwa, kinachopotea ni dakika chache za skrini, na familia bado itapata video yake kamili.

Kamati ya harusi au ya mkutano haihitaji kuwa na utaalamu ili kujilinda. Inatosha kuuliza, kabla ya kulipa malipo ya awali: ni kamera ngapi zitatumia kebo, risiva zitawekwa wapi na kwa urefu gani, nani atasimamia masafa, kikosi kitafika ukumbini saa ngapi kwa majaribio, kamera zote zitarekodi kwenye kadi, na picha ikikatika, skrini itaonyesha nini.

Mtoa huduma anayejibu maswali hayo bila kusita amekwisha kuyafikiria. Anayejibu kwamba vifaa vyake ni vipya na havijawahi kusumbua huenda hajawahi kuvitumia ukumbi ukiwa umejaa.